Bega la Kushoto la Mume Wangu

Juma lililopita mliniacha nimesimama katikati ya chumba, mkono mmoja shati la mume wangu, mkono wa pili kipande cha uzi mwekundu, na Wifi amenitolea macho hata kumeza mate hawezi.

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, vuta kiti nikupe kwa ufupi, maana wenzako wameshalia na mimi tangu mwanzo.

Mimi ni fundi wa makoti. Sishoni sare wala mapazia. Nawashonea wapiga bluzi, ule muziki wa gitaa linalolia polepole mpaka mtu mzima anamkumbuka aliyemwacha. Makoti ya kola pana na vifungo vya mfupa. Suruali za kiuno cha juu zenye marinda mbele. Magauni yanayobana kiuno kisha yanaachia. Ni mitindo ya babu na bibi zetu, na nguo yangu ukiitunza mwanao ataivaa na hakuna atakayemcheka.

Mume wangu ni mpiga gitaa. Wenzake wanamwita Kamba. Yeye ndiye tangazo langu. Akisimama jukwaani na koti langu, wiki inayofuata wenzake wanagombania zamu mlangoni kwangu.

Sasa ghorofani, juu kabisa ya kichwa changu, kahamia fundi mwingine, mwanamke, naye anashona makoti hayo hayo ya kizamani. Mimi namwita Wa Juu. Na mume wangu kila Jumanne na Alhamisi jioni ananiaga kwamba anakwenda mazoezini, wakati wenzake wa bendi wameniapia kwamba siku hizo hakuna mazoezi. Halafu ndipo uzi ukaonekana kwenye shati lake.

Msinione nimerukwa na akili kwa ajili ya uzi. Koti kabla ya kushonwa hupigwa bandi kwanza, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikilia tu, itakayofumuliwa baadaye. Mimi napiga bandi kwa uzi mweupe. Wa Juu anapiga kwa mwekundu.

Na uzi wa bandi haumrukii mtu barabarani. Unamshika akiwa amevishwa koti ambalo halijaisha, ametulia, na fundi anamzunguka na pini mdomoni, anamshika kifua, anamgeuza, anamwambia "pumua". Wake wengine wanaogopa rangi ya mdomo kwenye kola. Mimi niliogopa uzi ule kuliko rangi zote za mdomo duniani.

"Wifi," nikamwambia, "kaka yako anashonewa koti na mwanamke mwingine."

Wifi akakaa kitandani. "Afadhali angekuwa na mwanamke tu."

"Unasema nini?"

"Mwanamke tungemwendea tukamtoa mbio. Koti utalitoaje mbio, wifi yangu?"

Nikatupa shati. Nikajifunga kanga kiunoni, nikapanda ngazi.

Wa Juu akafungua mlango, futi imemning'inia shingoni, sindano imechomekwa kifuani. Mwembamba, mpole, na ana ile sauti ya chini ya watu ambao hawana haja ya kupiga kelele. Watu wa namna hiyo siwapendi.

"Karibu, dada. Leo umenikumbuka."

"Nimeishiwa chaki. Niazime kipande."

"Ingia, nikutafutie."

Akageuka kutafuta chaki. Mimi nikageuka kutafuta mume wangu.

Nikamwona. Koti la sufu ya buluu iliyokolea, limevishwa sanamu ya kushonea karibu na dirisha, bandi nyekundu zimelizunguka kila upande. Kola pana. Vifungo vya mfupa vimepangwa mezani vinasubiri. Roho ikanipasuka. Nikasogea, macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye bega la kushoto.

Hapa lazima niwaeleze. Bega la kushoto la mume wangu liko chini kuliko la kulia, upana wa kidole. Ni mkanda wa gitaa uliolivuta tangu ujanani. Ukimshonea koti la mabega sawa, upande wa kushoto unafanya mkunjo. Nilimpima mara moja tu, tukiwa bado wachumba, na tangu siku hiyo sijamwekea futi. Namkatia kwa kichwa. Hata taa ikizimika naweza kumkatia koti likamkaa.

Basi nikatazama lile bega.

Lilikuwa sawa na la kulia. Nikarudi nyuma, nikatazama tena. Nikapima kwa kidole. Sawasawa kabisa!

Jamani, furaha niliyoipata siwezi kuwasimulia. Nilitaka kuikumbatia ile sanamu. Si yeye! Mume wangu hawezi kuwa na mabega kama rula. Wivu wote uliokuwa umenikaba ukaniachia, na mahali pake ukaja uchokozi.

"Mteja wako huyu ana mabega ya askari wa gwaride," nikasema.

Wa Juu akaja na chaki. Akanitazama, akalitazama koti. "Sasa yamenyooka, ndiyo."

"Na mpasuo huu wa nyuma mrefu hivi, wa nini? Na mbele umelikata fupi. Ni karani?"

"Ni mtu wa kuketi."

"Koti la kuketia!" Nikacheka mpaka nikashika meza. "Dada, mimi mume wangu nimempiga marufuku kuketi na koti. Miaka yote hii. Namwambia koti ni msimamo. Siku ukiketi jukwaani, koti litakunjika tumboni, wateja wataona, nami nitakufa njaa."

"Nimesikia," akasema Wa Juu.

Sikujiuliza alisikia wapi. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hana masikio.

Nikaipindua kola nitafute kosa. Nilitafuta kwa bidii, sitawaficha. Mishono ya ndani ilikuwa midogo, imelala upande mmoja, na kola imejikunja yenyewe bila kulazimishwa. Ilikuwa nzuri kuliko zangu. Hilo lilinichoma, lakini nikajikaza kisabuni. Kama anashona vizuri, na ashone, mradi hamshonei mume wangu.

"Na nyuzi zako hizi nyekundu," nikamwambia mlangoni, "zinadondoka ngazini, zinatushika sote tunaopita."

"Nisamehe, dada. Nitafagia."

Nikashuka naimba. Wifi alikuwa ananisubiri chini na mwiko mkononi, sijui alitaka kuutumia kwa nani.

"Si lake," nikamwambia. "Ni la karani."

"Na Jumanne? Na Alhamisi?"

"Wifi, usinitibulie."

Lakini moyo wa mwenye wivu haulali, unageuza ubavu tu. Nikikaa kwenye cherehani yangu nasikia cherehani yake juu. Nikikanyaga, anakanyaga. Nikisimama, yeye anaendelea. Nikaanza kuiona ile kola hata nikifumba macho. Nikajisemea, ngoja nimshonee mume wangu koti ambalo Wa Juu akiliona atafunga mashine arudi alikotoka. Na Jumamosi bendi ina onyesho kubwa. Basi nikatoa kitambaa changu cha kahawia nilichokuwa nakificha kwa ajili ya mtu maalumu, nikakata.

Nilikata kwa kichwa, kama kawaida. Bega la kushoto chini, upana wa kidole.

Jumanne akaniaga. Sikuuliza. Alhamisi akaniaga tena, nikaitikia bila kuinua uso, bitana iko mapajani. Wifi akaniangalia kwa jicho la pembeni. Nikamwambia akatafute kazi.

Jumamosi mchana koti likaisha. Nikalipiga pasi mpaka likawa na adabu, nikamwita mume wangu mbele ya kioo.

"Vaa, Baba."

Akavaa. Nikarudi nyuma nifurahie kazi ya mikono yangu.

Pale begani kushoto palikuwa na mkunjo. Kitambaa kimelala, hakina kitu ndani, kama mfuko uliotolewa kilichokuwamo.

"Simama vizuri," nikasema.

"Nimesimama vizuri."

"Umesimama kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Shusha bega."

"Lipi?"

"La kushoto. Kama kawaida yako."

Akanitazama kupitia kioo. Kisha akalishusha bega, polepole, na nikaona amebana midomo. Koti likakaa. Likamkaa mpaka nikapiga kofi.

"Ona sasa! Sasa ndiyo wewe."

"Sasa ndiyo mimi," akasema.

Nikawa nampangusa vumbi ambalo halikuwapo. Yeye akaendelea kusimama hivyo hivyo, bega limeshuka, kisha akasema, "Mama, hebu chukua futi unipime."

"Nikupime wewe?" Nikacheka. "Nakujua kuliko futi."

Hakucheka. Akavua koti, akalitundika kwenye henga, akafunga vifungo vyote vizuri.

"Nitalivalia kule," akasema. "Lisije likakunjamana njiani."

Nikambusu shavuni. Mjinga mimi.

Ukumbini nilikuwa sijaingia muda mrefu. Kazi, wenzangu. Mtu anayewashonea watu nguo za starehe hana muda wa starehe. Mimi na Wifi tukapewa viti vya mbele, karibu na mlango wa pembeni. Kila nikigeuka naona kazi yangu: koti langu lile pale, gauni langu lile linacheka na mtu, suruali yangu ile imeegemea ukuta. Watu wananipungia mkono. "Fundi! Fundi!" Nikakaa nimenyoosha shingo.

Kiti cha pembeni yangu kikavutwa. Wa Juu akaketi, gauni jeusi la kola nyeupe, halina pambo hata moja. Limemkaa, na mimi ndiyo hivyo tena, macho yangu yakaanza kukagua mishono.

"Karani wako naye yupo?" nikamnong'oneza.

"Dada," akasema, "naomba usiku huu usinichukie sana."

Nikataka kumuuliza ana maana gani, pazia likafunguka.

Jukwaani palikuwa na kigoda. Ngoma zipo, kinanda kipo, na mbele kabisa, pale anaposimamaga mume wangu, kigoda.

"Cha nani kile?" Wifi akaniuliza.

"Nitajuaje mimi?"

Akaingia. Gitaa mkononi, halina mkanda. Amevaa koti la buluu.

Lile koti. Mabega mawili sawasawa, hakuna mkunjo, hakuna pengo, limemshika kama lilizaliwa naye. Akaenda kwenye kigoda, akaketi, vifungo vimefungwa, na koti halikukunjika hata kidogo. Mpasuo wa nyuma ukaachana vizuri, ukaanguka pande mbili. Akaweka gitaa pajani, akaanza kupiga.

"Mbona kakaa?" Wifi akauliza kwa sauti. "Wifi, mbona kaka kakaa?"

Nilimgeukia yule mwanamke.

"Tangu lini?"

"Anaketi tangu mwaka jana, dada; wenzake aliwaomba wasikuambie. Mkono wa kushoto ulikuwa unakufa ganzi. Daktari alimkataza mkanda."

"Na Jumanne? Na Alhamisi?"

"Hospitali. Wanamnyoosha bega. Mazoezi."

Mazoezi! Kumbe hata uwongo hakuniambia. Alikuwa mazoezini kweli.

"Na wewe umeyajuaje yote haya?"

"Nilimkuta ngazini ameushika mkono. Amevaa koti lako lile la kijivu. Nikamwambia, kaka, koti hili linakuvuta bega, mwili wako umeshabadilika. Akaketi pale pale kwenye ngazi. Akaketi muda mrefu."

"Mbona hakuniambia mimi?"

Wa Juu akainamisha kichwa. "Alisema anasubiri umpime."

Nataka mnielewe. Ningewafumania wawili hao kitandani, ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, ningevunja vitu, Wifi angenishika huku anawatukana, na kesho yake mtaa mzima ungekuwa upande wangu. Lakini huyu hakunifanyia chochote. Alimtazama tu mume wangu akipanda ngazi, akaona nilichoshindwa kukiona mimi ninayelala naye. Niliona wivu ambao sikuwahi kuuona maishani mwangu. Nilimwonea wivu kwa macho yake, kwa futi yake, kwa ile siku ya ngazini. Nilitamani nimchane lile gauni.

Na kule jukwaani gitaa linalia. Alikuwa anapiga vizuri kuliko zamani, amelegea, bega halimdai kitu. Watu wamenyamaza. Mimi machozi yananitoka na sijui namlilia nani.

Wimbo ukaisha. Ukumbi ukalipuka. Mwenye ukumbi, yule mnene wa maneno mengi, akapanda jukwaani na kipaza sauti.

"Kamba! Kaka! Gitaa tumelisikia. Sasa tuambie, koti hilo! Unaketi na bado limenyooka! Fundi ni nani?"

Mume wangu akatazama chini tulipokaa. Akatutazama wote wawili, mimi na Wa Juu. Nikashika mikono ya kiti.

"Mke wangu," akasema.

Ukumbi mzima ukaniinukia. Wateja wangu wanapiga makofi, wanapiga miluzi, "Fundi! Fundi!" Wifi akapiga kigelegele, maskini hajui lolote. Na pembeni yangu Wa Juu naye amesimama anapiga makofi.

"Inuka, dada," akaninong'oneza. "Usiogope. Tumeshakubaliana."

"Nani na nani?"

"Mimi na yeye. Aliniomba. Alisema watu wakijua, watakuhama. Mimi nikasema sawa, jina la koti nakuachia wewe."

Kwa hiyo walikaa. Walikaa mahali wawili, wakanijadili, wakanihurumia, wakanigawia. Koti lake, mume wangu, na makombo ya sifa niletewe mimi kwenye sahani.

Nikapanda jukwaani. Mwenye ukumbi akanikabidhi kipaza sauti.

"Fundi, tupe siri. Ulijuaje kumkatia mtu wa kuketi?"

Mume wangu alikuwa ananitazama kutoka kwenye kile kigoda. Akatikisa kichwa kidogo sana, kuniambia kubali tu, Mama, yaishe. Ningekubali, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

"Koti hili sikulishona mimi," nikasema.

Msidhani ni ukweli uliokuwa umenishika. Sikuutaka ukweli. Nilichokuwa sikitaki ni zawadi kutoka kwa mkono wa mwanamke yule.

"Kalishona yule pale. Fundi wa ghorofani. Anayempima mume wangu mimi nisipokuwapo."

Neno limeshatoka, halirudi. Makofi yakakatika. Kisha nyuma huko mtu mmoja akapaza sauti, "Kumbe Kamba ana fundi wa pili!"

Ukumbi mzima ukacheka. Si kicheko cha ubaya, ni kile cha watu waliokunywa wakapewa utani. Lakini kiliendelea, kikarudiwa meza hadi meza, na niliona kila neno linavyompiga mume wangu usoni.

"Baba," nikasema, bado kipaza sauti kiko mdomoni, wote wakanisikia. "Baba, sikuwa na maana hiyo."

Akalaza gitaa sakafuni. Akafungua vifungo vya lile koti, kimoja kimoja, akalivua, akalikunja juu ya kigoda. Akabaki na shati, na ndipo nikaliona bega lake kama lilivyo, limenyooka, na mshipa wa shingo umesimama kwa maumivu au kwa hasira, sikuweza kujua. Akaushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akashuka jukwaani, akatoka kwa mlango wa pembeni bila kumtazama mtu.

Nikaacha kipaza sauti kikaanguka, nikazikimbilia ngazi za jukwaa. Wifi alikuwa anapiga kelele nipishwe njia. Lakini Wa Juu alikuwa ameshaanza kumfuata, na yeye alikuwa karibu na mlango kuliko mimi.